Semina, mkufunzi wa kampuni au mwenzako wa meza ya pili: utawafundishaje wafanyakazi mfumo mpya?

Daftari la kaunta lilikuwa chini ya meza ya mapokezi, limefunikwa kanga. Nililiona kwa bahati tu, siku niliyoinama kuokota kalamu. Kituo chetu cha afya kilikuwa na wiki saba tangu kihamie kwenye kompyuta. Ripoti zote zilisema mfumo unakwenda vizuri, na mimi, afisa utumishi, nilishasaini fomu kwamba watumishi wote wamepata mafunzo. Kumbe mama wa mapokezi, ambaye sote tunamwita Shangazi na aliyebakiza miaka michache kustaafu, alikuwa anaandikisha wagonjwa kwa kalamu kama zamani. Jioni kijana wa maabara anakaa, kwa hisani yake, anayahamisha yote kwenye kompyuta.

Nilipomuuliza, alicheka kwa aibu. "Mwanangu, foleni ikifika kwenye mwembe, ile mashine hainisikii."

Na semina alikwenda. Siku tatu, hotelini, akarudi na cheti.

Tangu siku hiyo nimeshiriki kupanga mafunzo ya aina hii mara kadhaa, na ninaloandika hapa ni kwa ajili ya mwenzangu ambaye sasa hivi ana barua mezani: mfumo mpya unaanza tarehe fulani, watu wa kufundisha ni 30, fedha ni kidogo. Njia zipo kadhaa na kila moja ina mtu wa kuisifia. Mimi nazilinganisha kwa swali moja ninalolipa uzito kuliko yote: siku ya tatu baada ya mafunzo, foleni imefika mwembeni, nani atakuwa amekaa karibu na Shangazi?

Kabla ya kuchagua njia, jua ni mabadiliko gani

Kuna kubadilika kwa chombo. Kazi ni ile ile, kifaa ndicho kipya. Ofisa ununuzi wa taasisi ya umma Tanzania alijua kutangaza zabuni na kupokea bahasha. Mwaka 2023 akatakiwa kufanya hayo hayo ndani ya NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Karani wa hospitali Kenya alilala akiijua NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, akaamka tarehe 1 Oktoba 2024 akakuta SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake. Watu hawa kazi wanaijua. Hawajui tu mlango mpya uko wapi.

Kuna kubadilika kwa majukumu. Mtunza masjala ambaye faili zake zimeingizwa kwenye kompyuta hana tena mafaili ya kubeba. Sasa anatakiwa akague kama taarifa zilizoingizwa ni sahihi. Huyu ukimfundisha kubofya peke yake umemwonea, maana kazi yenyewe imekuwa nyingine.

Halafu kuna kuondoka kwa ajira. Mashine imekuja na nafasi tano zimekuwa mbili. Hapo semina yoyote ya "kukumbatia mabadiliko" ni kejeli. Kwa Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane nao, pamoja na kuangalia namna ya kuepuka au kupunguza upunguzaji huo. Kumfundisha mtu kazi nyingine ndani ya taasisi ile ile ni jambo halali kabisa la kuweka mezani katika mashauriano hayo.

Sehemu kubwa ya barua zinazotua mezani kwetu ni za aina ya kwanza, zikiwa na ya pili ndani yake. Basi nianze na hizo.

Semina ya nje

Chukua bajeti yoyote ya semina uisome. Posho, nauli, malazi, ukumbi, chai ya saa nne na vitafunio, chakula cha mchana, maji ya chupa, begi lenye nembo, daftari na kalamu. Malipo ya mwalimu utayakuta chini kabisa, kama mtu aliyechelewa kufika.

Sisemi semina haina faida. Ina mambo mawili ambayo njia nyingine hazina. La kwanza ni kumtoa mtu kwenye kelele: hakuna mgonjwa anayegonga dirisha, hakuna bosi anayeita. La pili ni kuwakutanisha watu wa vituo mbalimbali, na mara nyingi mtu hujifunza zaidi kwenye meza ya chai, kwa mwenzake wa wilaya jirani aliyeanza miezi mitatu kabla yake. Kama mabadiliko ni ya majukumu, yaani watu wanahitaji kuelewa kwa nini na kujadiliana nani sasa anafanya nini, semina inafaa. Kwa kufundisha vidole kazi, haifai.

Kasoro yake kubwa haisemwi hadharani. Semina ni posho, na posho ni kipato. Kwa hiyo orodha ya wahudhuriaji inapangwa kwa haki ya zamu: fulani hajaenda mwaka huu, fulani anakaribia kustaafu mpe na yeye, mkuu wa idara lazima awepo. Anayeugusa mfumo kila siku anaweza kubaki kazini kushika zamu ya waliokwenda kujifunza kuutumia. Nimeona mkuu wa idara akijifunza kwa bidii jinsi ya kuandikisha mgonjwa mpya, kitu ambacho hatakifanya maisha yake yote. Na ukiifuta semina kabisa ukasema mafunzo ni hapa hapa kazini bila chochote, ujue umegusa mifuko ya watu, na watakuja kwenye mafunzo yako na nyuso za hivyo.

Jingine ni kusahau. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja hivi, zaidi ya nusu ya juhudi ya kukariri ilikuwa imekwenda na maji. Utasema semina si silabi zisizo na maana. Lakini vitufe vya mfumo ambao hujaanza kuutumia, uliooneshwa kwa projekta kutoka mstari wa tano, havina tofauti kubwa na silabi hizo. Shangazi alifundishwa wiki tatu kabla kompyuta hazijafika kituoni.

Mkufunzi kutoka kwa waliotengeneza mfumo

Huyu anaujua mfumo hadi mifupa. Asichokijua ni kazi yako. Anapofundisha hutumia mgonjwa wa mfano ambaye ana kadi, ana namba ya simu, anajua tarehe yake ya kuzaliwa na jina lake halijawahi kuandikwa kwa namna mbili. Siku ya kwanza ya kazi anakuja bibi asiyejua mwaka aliozaliwa, amembeba mjukuu aliyesajiliwa kwa jina la baba wa kambo, simu ni ya jirani. Hapo kila mtu anageuka kumtazama mkufunzi, na mkufunzi yuko kwenye basi anarudi mjini.

Tabia ya pili: ana haraka. Ukikwama anakunyang'anya kipanya, "ngoja nikuoneshe," vinabofywa vitufe vinne kwa sekunde tatu, tatizo limeisha na wewe hujaona kitu.

Hata hivyo huwezi kumkwepa, kwa sababu mwanzoni hakuna mwingine anayejua. Cha kufanya ni kupangua siku zake kwenye mkataba kabla hujasaini. Badala ya siku tano mfululizo, omba mbili kabla ya kuanza na tatu za wiki inayofuata, watu wakiwa wameshakwama na wana maswali ya kweli. Dai mfumo wa mazoezi, nakala ambayo mtu anaweza kukosea bila kuharibu kumbukumbu za kweli. Dai pia namba ya simu ya mtu atakayepokea saa mbili asubuhi. Barua pepe ya msaada haimsaidii mwenye foleni. Kampuni ikikataa masharti haya matatu, umepata habari muhimu kuhusu kampuni hiyo bila gharama.

Mwenzako wa meza ya pili

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na sifichi. Unachagua watu wawili au watatu wa ndani, unawapa muda wa kuujua mfumo vizuri kuliko wengine, kisha wao wanakaa na wenzao mmoja mmoja, kwenye meza halisi, na wateja halisi.

Si mtindo mpya. Kati ya 1940 na 1945 Marekani ilikuwa na mpango wa serikali wa kufundisha ndani ya viwanda, wakati viwanda vya vita vilipojaa watu ambao hawajawahi kushika mashine, wanawake wengi wakiwemo. Wasimamizi wa kawaida walifundishwa namna ya kufundisha, kwa hatua nne: mwandae anayejifunza, mwoneshe kazi, mwache aifanye yeye, mfuatilie. Usemi wao ulikuwa kwamba kama mfanyakazi hajajifunza, basi mwalimu hajafundisha. Baada ya vita mpango huo ulipelekwa Japani, na Toyota ni kati ya waliouchukua na kuuendeleza. Kwenye semina zetu hatua mbili za kwanza zipo. Ya tatu hufanyika kama kompyuta zinatosha. Ya nne haipo kwenye bajeti.

Kwa Shangazi tulianza vibaya. Tulimpa yule kijana wa maabara, mwepesi, anayeandika bila kutazama kibodi. Asubuhi ya pili Shangazi akakataa kukaa naye. Kosa la kijana lilikuwa neno moja: kila hatua alisema "hii rahisi tu, Shangazi." Mtu akishindwa kitu ambacho umekwishamwambia ni rahisi, umemtukana mbele ya wagonjwa.

Tukamweka mhudumu wa dawa, dada mpole wa miaka arobaini na kitu. Alikuja saa moja na nusu asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, ndipo kompyuta. Alikaa kushoto kwa Shangazi, akajiwekea sharti kwamba mkono wake hautagusa kipanya hata iweje. Shangazi akipotea, anaulizwa, "Sasa umeona nini hapo?" Anasubiriwa. Asubuhi nne hivyo. Siku ya nne Shangazi alikata ubavu wa boksi la glavu akaandika hatua zake kwa maneno yake mwenyewe, akaligandisha kwa selotepu kando ya skrini. Mstari wa tatu unasema: *Kiduara kikizunguka usibofye tena, ngoja, mgonjwa ataandikwa mara mbili.* Kitabu cha maelekezo cha kurasa nyingi kilicholetwa na mfumo hakikuwa na sentensi hiyo.

Njia hii ina gharama ambazo hazionekani kwenye karatasi, na wanaoisifia kuwa ni ya bure wanadanganya. Yule dada wa dawa dirisha lake lilihitaji mtu wa kumshikia. Usipompunguzia kazi umemwongezea mzigo juu ya mzigo, na mwezi wa pili atakuwa anajificha. Mpe muda ulioandikwa kwenye ratiba ya zamu, na ikiwezekana kitu mkononi. Sehemu ya fedha ya semina uliyoifuta ingetosha. Katika kuchagua, acha kasi, angalia uvumilivu. Na angalia umri: kijana kumfundisha mtu mzima inawezekana kabisa, ila awe kijana anayejua kuomba radhi.

Kasoro nyingine ni kwamba kosa la mwalimu wa ndani husambaa kama mafua. Mmoja wetu aliwafundisha wenzake kwamba mgonjwa asiyejua tarehe ya kuzaliwa aandikiwe tarehe 1 Januari. Kwa mwaka mmoja tukawa na kijiji kizima kilichozaliwa siku ya mwaka mpya. Ndiyo maana siku zile tatu za marudio za mkufunzi wa kampuni zina thamani: anakuja kusahihisha waliosambaza.

Video na kundi la simu

Kama msaidizi ni nzuri, kama njia kuu ni kujidanganya. Video ya dakika moja inayoonesha kitu kimoja, kwa mfano jinsi ya kufuta risiti iliyokosewa, inaokoa watu usiku wa manane zamu ikiwa na mtu mmoja. Video ya dakika 40 haitazamwi na mtu, na MB ni za nani? Sauti fupi za Kiswahili kwenye kundi la WhatsApp huwafikia hata wasiopenda kusoma maelezo marefu.

Onyo moja tu. Watu wakikwama hupiga picha skrini na kuitupa kwenye kundi, ikiwa na jina la mgonjwa na maradhi yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya kwao ya 2019. Fundisha kufunika jina kabla ya kufundisha kupiga picha.

Chuo na cheti

Hii ni kwa mabadiliko ya aina ya tatu, au pale majukumu yamebadilika kiasi kwamba ni fani nyingine. Ni ya muda mrefu na humwondoa mtu kazini, lakini ndiyo pekee inayompa kitu cha kwenda nacho kwingine. Kwa fundi, mpishi au mhudumu aliyejifunza kazi kwa macho miaka 15 bila karatasi, kwa Tanzania uliza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji ujuzi: anapimwa anachokijua, anafundishwa alipopungua, anapewa cheti. Serikali imekuwa ikigharamia baadhi ya makundi kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi, kwa hiyo ulizia kabla hujatoa fedha mfukoni.

Na hapa mwajiri akumbuke anacholipa tayari. Tanzania kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ambayo kiwango chake kilishushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Wengi huilipa TRA, mamlaka ya mapato, na kuisahau. Kenya mwajiri hulipa tozo ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, ila aombe kibali kabla ya kufundisha na atumie mkufunzi aliyesajiliwa. Hilo "kabla" limewanyima wengi fedha zao.

Kwa mtazamo mmoja

| Njia | Fedha huenda wapi | Inafaa zaidi | Siku ya tatu yupo nani |
|---|---|---|---|
| Semina ya nje | Posho na ukumbi | Kujadili majukumu mapya | Hakuna |
| Mkufunzi wa kampuni | Ada yake na safari | Mwanzo, na marudio | Simu, ukiidai |
| Mwenza wa ndani | Muda wa zamu | Kuzoea chombo kipya | Yeye, meza ya pili |
| Video na kundi | MB | Kukumbushana | Anayejibu usiku |
| Chuo na cheti | Ada na muda | Kubadili fani | Haihusiki |

Ningefanya nini

Duka la jumla lenye watu sita linaloanza kutumia kompyuta ya mauzo: sahau semina. Mtengenezaji aje siku mbili, mmoja wenu ashike mfumo vizuri, mengine mtayamalizia kaunta. Chagua wiki isiyo ya mwisho wa mwezi.

Ofisi au kituo cha watu 30: siku moja ya kukutana wote, ndani ya jengo lenu, na chai, kueleza nini kinabadilika na nani ataathirika, wakubwa wakiwepo wajibu maswali. Kisha wenza watatu, wiki mbili za kupunguziwa zamu, na mkufunzi wa kampuni arudi wiki ya tatu. Usianze idara zote siku moja. Mapokezi wakianza, dawa wafuate wiki ijayo, makosa ya mapokezi yatakuwa yameshajulikana.

Taasisi yenye matawi 20 ina sababu ya kweli ya kufanya semina, kwa sababu wenza wa ndani wa matawi lazima wafundishwe mahali. Ila barua ya mwaliko itaje kazi ya mtu, isiache nafasi ya "mwakilishi wa idara," maana unajua atakayekuja.

Kupima je? Donald Kirkpatrick alieleza tangu 1959 ngazi nne za kupima mafunzo: waliyapenda, walijifunza, wanafanya tofauti kazini, kazi imeboreka. Fomu tunazojaza mwisho wa semina, zile za "ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje," haziondoki ngazi ya kwanza. Ngazi ya tatu haina fomu nzuri kuliko kutembea. Pita wiki ya pili na wiki ya saba, saa ambayo foleni ni ndefu. Angalia nani ameinuka kwenda kuuliza nani. Angalia karatasi zilizobandikwa kando ya skrini. Na inama, utazame chini ya meza.

Daftari la Shangazi bado lipo, siku hizi likiwa juu ya meza. Tulipojaribu kulichukua alituuliza umeme ukikatika tutaandika wapi, na hakuna aliyekuwa na jibu. Limepigwa muhuri, lina safu zinazofuatana sawasawa na za kwenye skrini, na umeme ukirudi anayaingiza mwenyewe. Mwezi uliopita waliletwa wanafunzi wawili wa mazoezi kwa vitendo. Nilipita nikamkuta amekaa kushoto kwa mmoja wao, mikono ameikunja mapajani.